Milingoti ya Glasgow

Mitaani kwetu, mzamiaji ni kijana aliyejificha melini akaja kuibukia Ulaya. Hapa tunamzungumzia mzamiaji mwingine, yule wa mtungi wa hewa mgongoni, anayeshuka chini ya bahari kuzitazama meli zilizozama. Kwa sisi tunaosomea Kiswahili London, habari zake zinaanzia karibu sana.

Pale mto Thames unapoingia baharini, nje ya Southend, imelala manowari iliyoitwa London. Ililipuka Machi 1665 kwa baruti yake yenyewe, ikaua watu zaidi ya 300. Maji ya hapo ni tope tupu. Mzamiaji hupapasa zaidi ya kuona. Hata hivyo, tangu 2008 mabaki hayo yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1973, na hakuna aruhusiwaye kuyazamia bila kibali. Meli yenye jina la mji huu imetunzwa hata ndani ya tope.

Unguja nako iko meli yenye jina la mji wa Uingereza. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuziangamiza meli za Seyyid Barghash. Mwaka uliofuata ikaja bandarini manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, na Sultani akataka yake ya mfano huo. Mwaka 1875 alifika London mwenyewe, akapokewa na Malkia Victoria. Meli yake ikaundwa Dumbarton, Uskochi, ikashushwa majini 1878, nayo ikaitwa Glasgow. Ilikuwa na mizinga saba midogo, ambayo hata kwa siku zile haikuwa ya kutisha. Miaka mingi ikakaa nangani mbele ya kasri, zaidi ya pambo kuliko manowari.

Kisha ikafika Agosti 1896. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari zao zikaanza kupiga kasri, na Glasgow, meli ya baba, ikafyatua mizinga yake kumtetea mtoto. Ilielekeza risasi kwa St George, manowari kubwa ya chuma. Jibu lililorudi liliizamisha. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuashiria kusalimu amri, wakaokolewa kwa mashua.

Tukiisimulia vita hii hapa chuoni, watu hucheka. Dakika 38, wanasema, vita fupi kuliko zote duniani! Nasi tumecheka, tukubali. Lakini hizo ni dakika za mwenye mizinga. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona. Tena bandari haikuwa na kina cha kuifunika Glasgow yote. Milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji, na kila jahazi lililoingia Unguja liliipita. Ilikaa hivyo hadi 1912, meli ilipovunjwavunjwa na sehemu yake kubwa kwenda kutupwa baharini. Hiyo ni miaka 16, na hatujasikia mtu akiihesabu.

Meli nyingine huzamishwa kwa heri. Karibu na Mombasa, mwaka 2002, Dania, meli kuukuu iliyobeba ng'ombe, ilizamishwa makusudi ili samaki na matumbawe wapate makazi. Samaki hawajali tofauti hiyo, ila sisi tunapaswa kuijali.

Likizo iliyopita mwenzetu mmoja wa chama alikwenda Unguja kupiga mbizi. Aliyewaongoza aliwapa habari za vita fupi, akawatajia zile dakika, basi. Wakiwa njiani kurudi, mzee aliyeshika usukani wa boti ndiye aliyemwambia kwamba meli ilikuwa ya Seyyid Barghash. Akanyoosha mkono kumwonyesha iliposimama milingoti, ingawa iliondolewa yeye hajazaliwa.