Malaria isiyo kali kwa watoto wadogo: tiba yake Mbeya na Iringa
Katika mikoa hii, ambako baridi ya milimani huwapunguza mbu ilhali joto la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, huwastawisha, tiba imefuata taratibu za taifa: klorokwini, iliyozoewa na vimelea, iliachwa mwaka 2001, ikarithiwa na SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo mwishoni mwa 2006 ikaipisha dawa mseto ya artemeta na lumefantrini. Maradhi yakithibitishwa kwa kipimo cha damu, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zaidi, pamoja na maziwa. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa. Degedege ikitokea, hupelekwa hospitali bila kuchelewa.