Dawa Iliyotoka Udongoni

Leo tutasoma historia ya ugonjwa ambao wengi huuonea haya: muwasho wa ukeni, pamoja na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaopona kisha ukarudi.

Ugonjwa huu huletwa na fangasi aitwaye kandida. Huyu ni jamaa ya hamira tutiayo katika maandazi. Hukaa mwilini mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, kwa sababu bakteria wema humzuia asizidi.

Katika miaka ya 1940 penisilini na dawa za namna yake zilianza kuenea duniani. Ziliponya wengi. Lakini ziliua bakteria wabaya na wema pia, wala hazikumwua fangasi. Basi fangasi akapata shamba lisilo na mlinzi. Tiba zilikuwa chache. Mojawapo ni ile dawa ya rangi ya zambarau, inayotia nguo madoa.

Mwaka 1948 wanawake wawili wa Marekani walianza kazi pamoja. Bibi Elizabeth Hazen, mjini New York, alitafuta katika udongo vijidudu viwezavyo kuua fangasi. Alipovipata alivitia katika chupa, akavipeleka kwa posta mpaka Albany kwa Bibi Rachel Brown, mtaalamu wa kemia. Huyu alikamua ile dawa iliyomo, akairudisha kwa posta ijaribiwe. Udongo uliofaa ulitoka katika shamba la ng'ombe huko Virginia. Mwaka 1950 walitangaza dawa yao, nistatini. Ilileta zaidi ya dola milioni 13, nao hawakujitajirisha. Fedha zote zilisaidia utafiti.

Je, historia hii yatufundisha nini?

Kwanza, fangasi si ushahidi wa uzinzi. Humpata hata msichana asiyemjua mwanamume. Wewe mume, usimrudishe mkeo kwao kwa ajili ya muwasho. Wewe mama mkwe, usimnyoshee kidole.

Pili, ukirudi mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja, usinunue dawa ile ile dukani. Nenda hospitali, upimwe. Huenda chanzo ni ugonjwa wa sukari, au virusi vya UKIMWI, au dawa za bakteria unazokunywa mara kwa mara. Mja mzito pia hupatwa kwa urahisi.

Tatu, usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu. Utawaua walinzi wako. Tena, si kila uchafu ni fangasi. Ukiwa na harufu mbaya, au maumivu ya tumbo, huenda ni ugonjwa mwingine, na pengine mume na mke watatibiwa pamoja.

Wale mabibi hawakuona haya kuutafiti ugonjwa huu. Nasi tusione haya kumweleza mganga wa hospitali.

Maswali: Kwa nini penisilini haikumwua fangasi? Je, utamwambia nini jirani anayemshutumu mkewe?