Milimita Mbili: Historia Fupi ya Breki za Diski

Vijana wanaoipenda Subaru Impreza WRX hapa Kampala watakueleza habari za injini yake mpaka uchoke: turbo, mlio wa ekzosi, mwaka ambao Colin McRae alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za magari (ni 1995, na wote wanaujua kwa moyo). Ukiwauliza unene wa diski za breki za mbele, wengi watakutazama tu. Katika gari la kaka yangu, ambalo ni la mwaka 2004, diski ya mbele ikiwa mpya ina milimita 24. Ikifika 22 haifai tena. Maisha yake yote, basi, ni milimita mbili, yaani moja kila upande.

Desemba iliyopita, kabla ya familia kusafiri kwenda Kabale, mimi na kaka tulizibadilisha diski hizo wenyewe uani kwetu. Kazi ile ndiyo iliyonifanya niulize chombo hiki kilitoka wapi, na kwa nini kilichelewa sana kuenea. Mimi nasoma Kiswahili na Historia, si uhandisi, lakini naamini kuwa historia ya kitu cha chuma inaweza kuulizwa maswali yale yale tunayoyauliza kuhusu reli au pamba: nani alikibuni, kwa ajili ya barabara ya nani, na kilipotufikia kilikuja na nini na kuacha nini nyuma.

Mwingereza Frederick Lanchester, mtengenezaji magari wa Birmingham, alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Wazo lake ni lile lile la leo: sahani ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili vinaibana kutoka pande zote mbili. Shida ilikuwa vile vipande. Alitumia shaba, na shaba ikisuguana na chuma hupiga kelele ya kukera masikio. Tena huliwa upesi, hasa kwenye barabara za vumbi za wakati ule. Kwa hiyo magari mengi yakafuata njia nyingine, ile ya dramu, ambamo viatu vya breki hujitanua ndani ya ngoma ya chuma na kuisukuma kutoka ndani.

Dawa ya kelele ilipatikana kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo. Alianza kutengeneza vipande vya breki mwaka 1897, na miaka kama kumi baadaye akatumia nyuzi za asbestosi, madini yasiyoungua na yasiyopiga kelele. Asbestosi ikawa moyo wa breki duniani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Nitairudia, maana vumbi lake lina historia yake.

Dramu ilitosha maadamu magari yalikwenda polepole. Breki haifanyi muujiza wowote: inageuza mwendo kuwa joto, basi. Dramu ikipata joto hutanuka, na kwa kuwa viatu viko ndani, ngoma inavikimbia. Dereva anakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea. Diski ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi, na upepo unaipuliza pande zote kwa sababu iko wazi. Tofauti hii ndogo ndiyo iliyobadilisha mambo. Viwanda vya ndege viliitambua mapema, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili tayari zilikuwapo ndege zilizosimamishwa kwa diski. Magari ya kawaida yalikuwa bado yanatumia dramu.

Baada ya vita, kampuni ya Dunlop ilishirikiana na Jaguar kuleta ujuzi huo barabarani. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda mashindano ya Reims, Ufaransa, akiendesha Jaguar C-Type yenye diski. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Le Mans. Wakati ule uwanja huo ulikuwa na barabara iliyonyooka ya karibu kilomita 6, na mwishoni mwake kona kali. Dereva aliyeweza kuchelewa kukanyaga breki hata kwa mita chache, mzunguko baada ya mzunguko kwa saa 24, alipata faida kubwa. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda wakiwa na wastani wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Ilikuwa mara ya kwanza mshindi wa mashindano hayo kupita wastani wa maili 100 kwa saa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kukumbukwa zaidi katika historia hii: breki ndizo zilizolipa gari kasi.

Lakini mwaka 1955, palepale Le Mans, Mike Hawthorn akiwa na Jaguar yenye diski alipunguza mwendo ghafla ili aingie kwa mafundi wake. Lance Macklin aliyekuwa nyuma yake alikwepa, na Pierre Levegh, akija kwa kasi katika Mercedes, akamgonga. Mercedes ile iliruka kwenye umati. Watu zaidi ya 80 walikufa, pamoja na Levegh mwenyewe. Mercedes za mwaka ule zilikuwa bado na dramu, zikisaidiwa na bamba lililonyanyuka nyuma ya dereva kukinga upepo. Uchunguzi haukumtia dereva yeyote hatiani, nami sitaki kujifanya hakimu. Ninachokiona ni kwamba magari yasiyosimama kwa namna moja yalikuwa kwenye njia moja. Yeyote aliyesafiri kutoka Kampala kwenda Mbarara kupitia Masaka anaifahamu hali hiyo: mbele Subaru, nyuma lori la matoke, katikati taksi ya abiria 14 yenye diski mbele na dramu nyuma.

Mwaka huohuo wa 1955 Citroën walionyesha gari la DS mjini Paris, likiwa na diski kwenye magurudumu ya mbele. Lilikuwa gari la watu wa kawaida, angalau wale waliokuwa na pesa. Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Japani ilijifunza kwa Waingereza: Dunlop walikuwa na kiwanda cha matairi mjini Kobe tangu 1909, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Sumitomo ilipata kwa Dunlop utaalamu wa breki za diski. Mwaka 1967 Toyota 2000GT ilitoka kiwandani ikiwa na diski kwenye magurudumu yote manne.

Kwetu Uganda diski zilienea zaidi kupitia magari yaliyokwisha kutumika Japani. Soko la vipuri linalojulikana zaidi mjini Kampala lina jina la Dkt. Samson Kisekka, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1986. Ukipita humo utaona diski zimepangwa kama sahani jikoni, mpya na kuukuu. Kaka yangu aliletewa jozi kuukuu kwa bei nzuri. Muuzaji, mtu mwungwana, alimpa vernia apime mwenyewe: milimita 22.6. Kaka alirudisha vernia, akasema, "Asante, ndugu yangu, nipe mpya." Kuna wanaoona kwamba chuma kikitoka Japani hakizeeki.

Kupima nako kuna siri yake. Pedi haifiki ukingoni kabisa mwa diski, kwa hiyo ukingo unabaki mnene, kama mdomo wa sufuria. Ukibana vernia pale juu juu, inakusomea ule mdomo, na diski iliyokwisha inaonekana nzima. Sisi tulichukua sarafu mbili, tukazipima kwanza, tukaziweka moja kila upande ndani ya ukingo, tukapima zote pamoja, kisha tukatoa unene wa sarafu. Diski ya kulia ilikuwa 21.3. Kiwango cha chini kilikuwa kimechongwa kwenye diski yenyewe, chini ya kutu, kwa herufi za kiwandani. Miaka yote gari limeendeshwa na onyo lake ndani.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka. Tulilegeza nati gari likiwa bado chini, tukaweka mawe nyuma ya matairi, tukainua, tukaliketisha juu ya vigingi vya chuma, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyeingiza mkono chini ya gari. Kalipa tuliifungua kwa bolti mbili nyuma yake na kuining'iniza kwa waya. Ukiiacha ininginie kwa mpira wa mafuta ya breki, mpira unachanika ndani na huoni. Diski ya kushoto ilikuwa imegandana na habu kwa kutu. Ina matundu mawili yenye nyuzi za bolti, na ukikaza bolti mbili humo kwa zamu inajisukuma yenyewe nje. Mhandisi aliyeyaweka matundu hayo alikuwa amewahi kuteseka, sina shaka. Kisha tulisugua habu kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, kwa kuwa chembe ya kutu ikibaki nyuma ya diski mpya, diski inayumba na usukani unatetemeka.

Ni wakati wa kusafisha ndipo mzee jirani yetu, fundi wa siku nyingi, alipokuja kutusaidia. Aliinama kwenye kalipa akavuta pumzi ili apulize vumbi.

"Mzee wangu, samahani, tusipulize," nilimwambia. "Tutumie maji na kitambaa."

"Mwanangu, nimepuliza miaka thelathini."

Kaka alimletea ndoo, na mzee akaipokea.

Sikuwa na haki ya kumfundisha ufundi, lakini habari ya vumbi nilikuwa nimeisoma. Nyuzi za asbestosi zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani inayotokana nazo huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Uingereza ilikataza aina ya mwisho iliyokuwa bado ikitumika mwaka 1999. Japani iliikataza kwenye breki mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: fundi aliyeanza kazi miaka ya 1990, akifungua breki za magari ya miaka ya 1980 na 1990, alikuwa anapuliza nini? Diski ilikuja pamoja na gari, na asbestosi ikaja nayo. Tahadhari iliyoandikwa Kiingereza na Kijapani haikumfikia fundi chini ya mwembe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tatizo letu ni umri wa magari. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Sipingi sheria hiyo. Lakini gari la miaka minane lililoshuka milima kila siku linaweza kuwa na diski mbovu kuliko la miaka 20 lililokaa gereji, na stika ya mwaka wa kutengenezwa haiwezi kukuambia hilo.

Tulipomaliza, kaka alikanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu, kwa sababu pistoni tulizozirudisha ndani zinahitaji kusogea tena hadi kwenye pedi. Ukisahau, ukanyagaji wa kwanza hauna breki. Halafu alilipeleka gari polepole kwenye barabara tupu, akipunguza mwendo bila kusimama kabisa, mara kama kumi, ili pedi na diski zizoeane. Mzee alibaki uani. Aliokota boksi la pedi mpya, akaniomba nimsomee maandishi yote yaliyo juu yake, na nilipofika kwenye maneno yanayosema hazina asbestosi, akaniambia nirudie.

Diski za zamani zilinunuliwa kwa kilo na kijana wa vyuma chakavu.