Uzi wa kitanzi

Wadau, swali la kama mwanamke anaweza kujitoa kitanzi mwenyewe nyumbani limezungumzwa sana tangu mwaka 2020, pale korona ilipofanya kliniki nyingi duniani zipunguze huduma zisizo za dharura. Wengi hulijibu kana kwamba ni suala la ujasiri tu. Mimi nasema tuanze na uzi, ule uzi mwembamba unaotokeza kwenye shingo ya kizazi. (Najua kuna watakaoguna: mwanaume anatafuta nini huku? Natafuta historia, ndugu zangu. Twendeni.)

Miaka ya 1920 kule Berlin, daktari Ernst Gräfenberg alikuwa akiwawekea wanawake pete ya waya wa fedha ndani ya mji wa mimba. Pete ile haikuwa na uzi wa kuvutia, kwa hiyo kuitoa ilikuwa kazi ya daktari na vyombo vyake. Gräfenberg alikuwa Myahudi. Wanazi walimtia jela mwaka 1937, na mwaka 1940 akafika Marekani. Wazo la pete lilibaki, hasa Asia.

Uzi tunaoujua leo ulipata umaarufu mwaka 1962, pale daktari Jack Lippes wa Buffalo, Marekani, alipoonyesha kitanzi cha plastiki chenye mkia wa nailoni. Mwanamke aliweza kupapasa kwa kidole na kujua kitanzi kipo. Siku ya kukitoa, uzi unavutwa taratibu, plastiki inajinyoosha, basi. Ni kitu kidogo, lakini fikiria: ncha moja ya kitanzi ilikuwa mahali ambapo mwenye mwili anaweza kuifikia.

Halafu ikaja Dalkon Shield. Hii ndiyo sehemu ambayo kila mwanafunzi wa biashara angepaswa kuisoma. Kampuni ya A.H. Robins ilianza kuiuza mwaka 1971, ikijinadi kwa utafiti wa Dk. Hugh Davis wa Johns Hopkins. Davis alikuwa mmoja wa wabunifu wake, na alikuwa na maslahi ya fedha ambayo hakuyaweka wazi. Kifaa chenyewe kilikuwa bapa, chenye vijimiiba pembeni ili kisichomoke. Sasa angalia mantiki: kisichochomoka kirahisi hakitoki kirahisi. Uzi mmoja ungekatika wakati wa kuvuta. Kwa hiyo waliweka mamia ya nyuzi nyembamba ndani ya ala moja, na nafasi iliyokuwa kati ya nyuzi hizo ikawa njia ya bakteria kupanda kutoka ukeni hadi kwenye mji wa mimba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Wanawake walipata maambukizi makali, wengine wakawa tasa, wengine wakafa.

Mauzo Marekani yalisimama mwaka 1974. Lakini waliokuwa nacho tayari mwilini? Kampuni ilisubiri hadi mwaka 1980 kuwaandikia madaktari ikishauri kitolewe, na hadi mwaka 1984 kuwatangazia wanawake wenyewe kwamba italipia gharama za kukitoa. Mwaka 1985 ikaomba kinga ya kufilisika. Mfuko wa fidia ulikaribia dola bilioni 2.5. Na tusisahau kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imevinunua vitanzi hivyo kwa ajili ya nchi maskini.

China walikwenda upande mwingine kabisa. Chini ya sera ya mtoto mmoja, mama akishajifungua alitakiwa kuwekewa kitanzi, na kwa miaka mingi kilikuwa pete ya chuma cha pua isiyo na uzi. Mwanamke asingeweza kuitoa, na aliyeitoa bila kibali aliadhibiwa. Takwimu za serikali zinataja vitanzi milioni 324 kati ya mwaka 1980 na 2014. Sera ilipolegezwa mwaka 2016, serikali ikatangaza kuvitoa bure, na wanawake wakawaka mtandaoni: mnatuwekea kwa lazima, halafu mnatutolea kama hisani? Wakati huo baadhi ya pete zilikuwa zimezama kwenye nyama, zikihitaji upasuaji.

Tukirudi kwenye swali: vitanzi vya shaba na vya homoni vya leo huwa na nyuzi laini zisizofyonza, na mikono yake hujikunja vikivutwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 326 waliofika kliniki kutolewa kitanzi. Zaidi ya nusu walikubali kujaribu wenyewe, na takriban mmoja kati ya watano wa hao alifanikiwa. Waliobaki walisaidiwa na wahudumu waliokuwa hapo hapo, na nyumbani wahudumu hao hawapo. Uzi ukikatwa mfupi huteleza vidoleni, na koleo au kifaa chochote hakifai kuingizwa. Kama uzi haupatikani, kuna maumivu makali, homa, uchafu wenye harufu au dalili za mimba, usivute. Nenda kituo cha afya. Ukianza kuvuta kikagoma, acha hapo. Na kikitoka, kinga ya mimba imekwisha siku hiyo hiyo, wakati mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5, kwa hiyo tendo la siku chache zilizopita nalo linaingia kwenye hesabu.