Uvimbe mkubwa kifuani: upasuaji unafanywaje?

Kahama, mtu akikohoa muda mrefu tunafikiria TB au vumbi la mgodini. Ni sawa kuanza na kipimo cha makohozi. Lakini majibu yakionyesha huna TB na bado unakohoa, omba eksirei ya kifua, kwani uvimbe unaweza kukua kati ya mapafu kwa miezi bila maumivu. Uso au shingo ikivimba, au ukikosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mweleze pia mtaalamu wa dawa za usingizi: misuli ikilegea, uvimbe unaweza kubana njia ya hewa.

Upasuaji huu hufanywa kwa rufaa, kwa mfano Bugando, Mwanza. Kwanza utapigwa picha ya CT na kuchukuliwa kinyama cha kupima. Si kila uvimbe hukatwa. Saratani ya tezi za limfu hutibiwa zaidi kwa dawa. Ukipasuliwa, daktari hupitia mfupa wa kidari au katikati ya mbavu, na utaamka ukiwa na mpira kifuani wa kutoa damu na hewa. Utatakiwa ukohoe na kuvuta pumzi ndefu. Inauma, omba dawa ya maumivu, usiache zoezi.

Kama huna bima, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri.