Mama Mkwe wa Seoul Sebuleni Galbet

Usiku wa Aprili 20, 1997, takriban nyumba mbili kati ya kila tatu zilizopimwa utazamaji Korea Kusini zilikuwa zimefungulia kituo cha KBS2 kuona mwisho wa First Love, hadithi ya kijana wa nyumba maskini aliyempenda binti wa tajiri. Asilimia 65.8. Hakuna tamthilia ya Kikorea iliyoivunja rekodi hiyo hadi leo.

Mwaka huohuo mji wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ulikuwa na msiba wake. Mvua za El Niño ziliujaza Mto Tana hadi ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na kufikia Desemba homa ya Bonde la Ufa ilikuwa ikiua watu na mifugo. Seoul ilikuwa mbali mno. Lakini hadithi ya mapenzi inayoburutwa kwa miezi, huku wazazi wakiwa na neno la mwisho, haikuwa ngeni kwa watu wa mji huu. Walikuwa wameizoea kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho, tena kwa Kisomali.

Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, na haikuiondoa hadi 1991. Kwa muda wa miaka 28 mtu wa Garissa aliishi chini ya vizuizi ambavyo Wakenya wengi hawakuvijua. Mawimbi ya redio hayakuhitaji kibali. Radio Mogadishu ilikuwa hewani tangu 1951, idhaa ya Kisomali ya BBC tangu 1957, na Sauti ya Kenya nayo ilikuwa na matangazo ya Kisomali kutoka Nairobi. Mawimbi hayo, na baadaye kanda za kaseti zilizopita mkono kwa mkono, yalileta michezo ya kuigiza iliyojaa mashairi na nyimbo. Mmojawapo ni Shabeelnaagood wa Hassan Sheikh Mumin, ulioonyeshwa Mogadishu mwaka 1968: mwanamume mjanja anamhadaa msichana kwa ndoa ya uongo, na aibu inaiangukia familia nzima. Ukiuondoa ushairi wake, kisa hicho kingeweza kuandikwa Seoul jana.

Mwaka 1991 mambo mengi yalifunguka na mengi yakabomoka. Dola ya Somalia ilianguka Januari, na wanadiplomasia wa Korea zote mbili, waliokuwa mahasimu, wakatoroka Mogadishu pamoja na kutua Mombasa. Wakorea walikuja kukitengenezea kisa hicho filamu mwaka 2021. Wakimbizi Wasomali walivuka mpaka kwa maelfu, na kambi za Dadaab zikaanzishwa katika eneo la Garissa. Wengine walifika Eastleigh, Nairobi, wakapanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, wakilala humo usiku na kuuza bidhaa humo mchana, hadi nyumba yote ikageuka soko. Biashara ya Wasomali iliyokua kutokea hapo, ya nguo na vifaa vya umeme, iliunganisha Nairobi na miji ya kaskazini mashariki.

Filamu za Kihindi ndizo zilizozifungulia mlango tamthilia za kigeni. Msomali alikuwa amezipenda tangu enzi za sinema za Mogadishu, lakini sasa zilipata kitu kipya: sauti ya mtafsiri. Mtu mmoja huketi mbele ya kipaza sauti na kuwasemea wote. Yeye ndiye bibi harusi anayelia, yeye ndiye baba anayekataa posa, yeye ndiye jirani mchonganishi. Sauti ya asili hushushwa bila kuzimwa, hivyo mtazamaji husikia kilio cha Kihindi chini ya maneno ya Kisomali. Mtafsiri mzuri hafuati kila neno. Hueleza kwa nini mama amekasirika, huingiza methali, hukumbusha yaliyotokea jana. Jijini Dar es Salaam kazi hiyo ilimpatia umaarufu mtafsiri Lufufu, na Wakenya wanamjua DJ Afro kwa filamu zake za ngumi. Watafsiri wa Kisomali ni wasanii wa daraja hilohilo, na wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa.

Kazi yao haikuwa salama kila mahali. Mwaka 2006, Mahakama za Kiislamu zilipoishika Mogadishu, zilifunga vibanda vya video, na kule Dhuusamareeb watu waliuawa kwa risasi walipokuwa wakitazama nusu fainali ya Kombe la Dunia. Upande huu wa mpaka, kutazama kuliendelea.

Wakorea nao walikuwa wakijenga aina yao. Mwaka 1991 kituo cha MBC kilianza kurusha What Is Love, iliyoandikwa na Kim Soo-hyun: mtoto wa baba mkali anamwoa binti wa nyumba iliyozoea uhuru, na familia mbili zinalazimika kuishi na uamuzi huo kwa vipindi 55. Televisheni ya China iliionyesha mwaka 1997, na wengi huhesabu hapo ndipo wimbi la Kikorea lilipoanza. Tangu hapo tamthilia ya familia ya wikendi imekuwa na umbo lake: vipindi 50 au zaidi, Jumamosi na Jumapili jioni, vizazi vitatu chini ya paa moja, na siri ya nani hasa ni mtoto wa nani. Mara nyingi mwandishi huwa bado anaandika wakati vipindi vya mwanzo vimeshaonyeshwa.

Afrika Mashariki ilionja ladha hiyo pia kupitia jirani wa Korea. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda kiasi kwamba Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Zilikuja pia za Kituruki, na za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na kwa Kisomali.

Ili zifike sebuleni Galbet, zilihitaji umeme na mtandao. Galbet ni mojawapo ya wadi nne za Garissa Mjini, pamoja na Waberi, Iftin na Township. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea jenereta za dizeli, na umeme ulipokatika hadithi ilikatika nao. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilishusha bei ya intaneti nchini. Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analojia, king'amuzi kikawa lazima. Desemba 2019 mtambo wa sola wa megawati 50 ulizinduliwa nje ya mji. Siku hizi kipindi hutiwa kwenye flash au simu.

Na mtu akitazama, anaona nini? Viatu vinavuliwa mlangoni. Watu wanakaa sakafuni kuzunguka meza fupi. Kijana anainama mbele ya mzee na kupokea kikombe kwa mikono miwili. Wapendanao wanaweza kufika kipindi cha kumi bila kushikana mkono, na hilo linamwezesha binti kutazama pamoja na mama yake bila mmoja kulazimika kutoka chumbani. Chupa za soju, pombe ya Kikorea, ni za kigeni, lakini ugomvi juu ya mahari, cheo cha ukoo na mkwe asiyejua kupika si wa kigeni hata kidogo.

Kilichokosekana ni kumbukumbu. Kanda za kaseti na za video zinaoza stoo, na majina mengi ya watafsiri hayajaandikwa popote. Garissa ndiko ilikoanzishwa maktaba ya ngamia mwaka 1996, ikapeleka vitabu kwa wafugaji porini. Maktaba hiyo, Chuo Kikuu cha Garissa na serikali ya kaunti wazikusanye kanda hizo na wawahoji wazee waliozisikiliza, na wewe uliye na kaseti ya zamani nyumbani usiitupe.