Bei ya Mfarishi

Ndugu msomaji, ukitajiwa bei ya mfarishi wa viraka ulioshonwa kwa mkono, usiharakishe kusema ni ghali. Uliza kwanza ndani yake mna nini.

Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, kwani nyumba zao zilipenya baridi. Mwaka 1932 wadai wao walikwisha kuwanyang'anya wanyama, zana, hata chakula.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Akazikusanya suruali na mashati aliyolimia marehemu, akazikata, akamwita binti yake wakashona pamoja, apate kujifunika na kumkumbuka. Kazi hiyo utailipa kiasi gani? (Nasi huku twamkatalia fundi shilingi chache!)

Mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo wakaunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakaanza kupata fedha kwa sindano zao. Na mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ikatundikwa katika jumba la makumbusho mjini Houston, na ule wa mjane ukiwamo. Watu wakausogelea, wakauona ulivyopauka kwa jua la shambani.